Amana ya Yavuyavu

Kabla hujaniambia kwamba ilikuwa saumu tu, kwamba njaa na joto la Jeddah vilinipanda kichwani, njoo kwanza uone kiganja changu. Upele huu si wa sabuni. Nilimwonyesha daktari hapa Mombasa akaniuliza kama nimewashwa na mdudu wa baharini. Nikamjibu ndiyo, lakini sikuwa baharini. Akacheka. Wewe pia cheka, ukimaliza unisikilize, maana haya yamenipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, na mpaka leo hasira yangu ni kubwa kuliko hofu.

Nilikuwa nafanya kazi za ndani Al-Safa, kulekule Jeddah, katika nyumba ya madam mmoja na mumewe na watoto wao wanne. Kazi ilikuwa ile unayoijua: kufua, kupika, kupiga deki, kulea. Hayo niliyakubali nilipotia saini. Nisichoambiwa na ajenti yeyote ni kwamba nitakuwa yaya wa yavuyavu.

Unawajua yavuyavu? Wale wanaotupwa ufukweni wakiwa kama mfuko wa nailoni uliojaa maji, ukimkanyaga mmoja unawashwa mpaka unalia. Kwetu watoto huwakimbia. Madam wangu aliwafuga. Mumewe alimletea zawadi, naye akawawekea chumba kizima, pazia zimefungwa, na katikati tangi la kioo la mviringo lenye taa ya buluu. Lilikuwa la mviringo kwa sababu yavuyavu akikuta kona hukwama hapo akachanika. Maji yao yalikuwa ya chumvi ya kupimwa, na ya baridi. Chakula chao kilikuwa vikamba vidogo sana, vidogo kama vumbi, ambavyo mimi ndiye niliyeviangua ndani ya chupa yenye pampu ya hewa, kisha nikawapulizia kwa bomba la sindano lisilo na sindano. AC ya chumba chao haikuzimwa hata dakika moja. Mimi nililala chumba cha kupigia pasi, na feni yangu ilikuwa na bawa lililovunjika.

Na nisipige kelele! Nilikatazwa kuburuta ndoo mle ndani, ati watashtuka. Wadudu wasio na masikio! Binti mkubwa wa madam aliwahi kunieleza kwamba hawana macho ya maana, hawana ubongo, hawana moyo. Nikamuuliza, sasa watashtuka kwa kutumia nini? Akacheka, lakini katazo halikuondoka.

Wiki yangu ya kwanza, madam alinipeleka mbele ya tangi, akanishika begani, akasema, "Hawa ni amana. Wako shingoni mwako." Akasubiri jibu. Nami, kama mtu yeyote aliyelelewa Pwani, niliposikia neno amana nikasimama wima. Kwetu hata sufuria ya jirani hairudishwi kimyakimya; unaingia nayo, unasema nimerudisha, naye anasema nimepokea, ndipo unatoka. Basi nikajibu, "Nimeipokea, madam." Likumbuke neno hilo.

Sasa ikaja Ramadhani. Kama hujaishi kule, jua kwamba mwezi ule hugeuza saa. Usiku kucha watu wako macho, wanakula, wanatembeleana, madukani kumejaa. Mchana nyumba nzima imekufa mpaka Alasiri. Anayeamka asubuhi ni mimi tu, na saumu yangu, na ufagio.

Asubuhi moja naingia kulisha yavuyavu, nakuta taa imewashwa. Mwanamke amesimama kwenye tangi, amenipa mgongo. Amevaa yunifomu ya kijani kama yangu, mfuko mmoja umeshonwa kwa uzi mweusi. Mkono wa nguo ameukunja mpaka kwenye kiwiko, bomba mkononi, anawalisha taratibu kama mtu aliyeifanya kazi ile miaka. Unadhani niliogopa? Wallahi nilikasirika. Nilidhani madam ameajiri mwingine bila kuniambia. Nikasema, "Assalaamu alaykum. Umeletwa lini wewe?"

Hakugeuka. Akasema kwa Kiswahili, cha kwetu kabisa, "Wameshakula, dada."

Nikatoka kwenda kutazama jikoni kama kuna begi au viatu vya mgeni. Hakuna. Niliporudi chumbani hakuna mtu. Mlango ni mmoja, na kutoka jikoni nilikuwa nauona. Nikajisemea kwamba ni saumu, kama unavyotaka kuniambia wewe. Nikawalisha tena.

Hilo ndilo lililoniponza. Ikawa kila asubuhi hivyo, mara namwona, mara simwoni ila nakuta chupa ya vikamba imepungua. Chakula kikizidi maji huchafuka, na yavuyavu hawavumilii uchafu. Kabla ya kumi la mwisho mmoja alikunjamana kama karatasi, akazama chini, akayeyuka. Umewahi kuona mnyama akiyeyuka? Hata maiti hakubaki wa kuonyesha.

Madam alilia machozi ya kweli. Kisha akanigeukia. Nikamwambia kuna mwanamke anaingia kuwalisha. Akaniuliza mwanamke gani. Nikamweleza ile yunifomu na mfuko wake. Uso wake ukabadilika kidogo, nilimwona, kisha akauweka sawa. "Wewe muongo," akasema. "Ulikuwa usafiri baada ya Idi. Akifa mwingine, mafi safari, hakuna kwenda. Halas."

Hapo ndipo aliponichoma. Safari ile niliihesabia usiku na mchana. Mwanangu nilimwacha ananyonya, sasa alikuwa anaanza shule, na kwenye simu alikuwa ananiita shangazi. Dada yangu anayemlea alikuwa akimrekebisha, naye anasema sawa, halafu ananiita shangazi tena. Pasipoti yangu iko kwenye droo ya madam, ruhusa ya kutoka iko mkononi mwa mumewe ambaye ndiye kafili wangu, mdhamini wa viza, na yote hayo sasa yanategemea afya ya mdudu asiye na moyo!

Nikaichukua ile chupa na bomba, nikavifungia ndani ya kabati la ukutani, ufunguo nikautia kifuani.

Kesho yake nikamkuta anavuta mlango wa kabati. Anavuta, anaacha, anavuta. Safari hii aligeuka. Alikuwa mwanamke wa makamo, mweusi mzuri, ana mwanya, macho mekundu ya mtu ambaye hajalala tangu azaliwe. Akasema, "Dada, mbona unanifungia? Nitaulizwa mimi."

"Utaulizwa na nani?"

"Na aliyenipa."

Hasira zikanipanda. Nikamwambia mimi nina mtoto, nina safari, toka hapa unaniharibia, na nikamshika mkono nimtoe nje. Niamini, niliushika. Haukuwa hewa. Ulikuwa baridi na utelezi, umelowa maji ya chumvi, na pale pale kiganja kikawaka moto kama nimeshika kiwavi. Nikaachia, nikapiga kelele. Nilipofungua macho nimebaki na kabati. Nyumba haikuamka. Nyumba ile mwezi wa Ramadhani hata paa likianguka haiamki.

Nikabaki na kiganja kilichovimba, nikaamini kabisa kwamba ni mzimu wa mtu aliyefia mle ndani. Nilimsomea Yasini. Nilimwonea huruma, lakini kabati sikumwachia wazi.

Idi ikafika, yavuyavu waliobaki wazima, alhamdulillahi. Madam akaniambia tunakwenda Riyadh kwa dada yake kusherehekea, tukirudi ndipo nipande ndege. Yavuyavu wakaachiwa dereva. Nikafurahi, maana siku ya kwanza nilipelekwa soko la Batha nikanunua sanduku na viatu vya mwanangu, vile vinavyowaka taa ukikanyaga.

Jioni tukarudi nyumbani kwa huyo dada mtu, nikaingia jikoni kusaidia. Kuna mwanamke anakanda unga. Yunifomu ya kijani, mfuko umeshonwa kwa uzi mweusi. Akainua uso. Mwanya ule ule.

Akanitazama, akasema polepole, "Wewe ndiye uliyenifungia kabati."

Nilikaa chini sakafuni. Yeye akaosha mikono, akaja akakaa karibu nami, na mkono wake ulikuwa wa joto, mkavu, una unga. Alikuwa mtu mzima na hai! Jina lake Mwanamisi, wa Kwale. Alikuwa mfanyakazi wa madam wangu kabla yangu. Siku moja dada mtu alifika Jeddah akalalamika kwamba hana msichana, madam akamwambia chukua huyu. Mwanamisi aliambiwa afunge begi wakati chai iko jikoni. Alitolewa tu, kama sahani anavyopewa jirani.

"Sikuwakabidhi," akaniambia. "Alinipa amana nikasema nimepokea. Nikaondolewa bila yeye kusema nimechukua. Tangu siku hiyo sijalala, ndugu yangu. Nikifumba macho naingia zamu. Naamka mikono imelowa, nanukia chumvi, na hapa Riyadh bahari iko wapi?"

Alikuwa anasema kwa sauti ya kawaida, kama anayenieleza bei ya vitunguu. Hapo ndipo damu ilinichemka hasa. Kumbe mtu anaweza kukufanyisha kazi mchana, akakuhamisha, na bado ukamfanyia kazi usingizini, miji miwili tofauti, naye hajui wala hajali?

Nikainuka nikaenda sebuleni. Wageni wamejaa, kahawa na tende mezani. Kwa kawaida mfanyakazi haingii hapo bila trei. Nikaingia mikono mitupu. Nikamwambia, "Madam, Mwanamisi yuko jikoni. Mwambie umepokea amana yako."

Akashangaa, kisha akacheka, na wageni wakacheka kwa kuwa yeye amecheka. "Amana gani? Wale ni samaki tu!"

"Basi kama ni samaki tu, tamka."

Mwanamke mmoja mzee kati ya wageni, mama yake madam, akaweka kikombe chini akamuuliza bintiye kama kweli alisema neno amana. Madam akawa mwekundu. Akainuka, akaenda mpaka mlango wa jikoni, akasema kwa hasira, kama anayemfukuza paka, "Halas, Mwanamisi. Nimeipokea. Halas!"

Wallahi sikuongezei neno. Mwanamisi alikuwa amesimama. Akaegemea friji, akateleza taratibu mpaka chini, akalala. Alikoroma. Walimtikisa, walimwita, hakuamka mpaka kesho yake Adhuhuri, na dada mtu alilalamika siku nzima kwamba hakuna wa kuosha vyombo. Nilimfunika kwa leso yangu. Vyombo niliviosha mimi, na nilikuwa naimba.

Nikamfuata madam nikamwambia, "Na mimi pia, madam. Tamka na kwangu."

Akaniambia, "Wewe bado una kazi. Nani atawalisha tukirudi? Siku ya kuondoka nitasema."

Siku ya kuondoka ndege ilikuwa asubuhi. Madam alikuwa amelala. Pasipoti na tiketi nilikabidhiwa na dereva. Nikapanda ngazi na sanduku langu, nikagonga mlango wa chumba chake. Nikagonga tena. Nikasema kwa sauti, "Madam, nakurudishia yavuyavu wako. Sema umewapokea." Nikasikia akigeuka kitandani. Akasema, "Yalla, yalla, utachelewa ndege." Dereva anapiga honi chini. Ungefanya nini wewe? Ungevunja mlango? Nilimfikiria mwanangu, nikashuka.

Sasa niko kwetu Kisauni. Viatu vya taa vimeshaisha soli. Mwanangu ameacha kuniita shangazi, ananiita mama, na yangeishia hapo ningekuwa mtu mwenye raha kuliko wote mtaani. Lakini juzi alimwambia dada yangu kwamba mama akilala huwa hayupo. Ati ananitikisa, nina mwili lakini sipo, na mikono yangu inadondosha maji mkekani. Ni kweli. Nikijiegesha tu naona taa ya buluu. Nachanganya chumvi, naangua vikamba, nawalisha, sijachelewa hata siku moja. Nimempigia madam simu nikaambiwa na binti yake kwamba mama amepumzika. Nimemtumia ujumbe wa sauti, ameusikiliza, hakujibu. Neno moja tu! Mtu anashindwaje kutoa neno moja?

Kwa hiyo wewe unayejiandaa kwenda, kazi fanya, mshahara dai, lakini ukiambiwa kitu chochote ni amana, nyamaza. Sema utajitahidi. Usiseme umeipokea. Na kama umeshasema, usiondoke katika nyumba ile mpaka mwenyewe atamke kwamba ameichukua, hata kama ndege itakuacha.

Na wewe binti uliyeko Al-Safa sasa hivi, nilikuona wiki hii, mfupi, una kovu kwenye nyusi. Nilikuta umefunga kabati kwa kufuli. Sikulaumu, najua na wewe una wako wanaokusubiri. Lakini usinishike mkono, utaungua. Nenda kamgongee madam mlango, umwambie mama wa Kisauni anataka kulala na mwanawe.