Mwalimu Skolastika Arudi Uwanjani

Tangu ajali ya pikipiki, mguu wa kulia wa Mwalimu Skolastika ulilegea kwenye kifundo, akawa anauburuza. Mwamuzi huyo wa netiboli mtaani Rahaleo akabaki mtazamaji.

Glory, fundi wa viungo bandia hospitalini, aliufunga mguu plasta kupata umbo lake, akamtengenezea kifaa cha plastiki cha kuushikilia, kuanzia unyayo hadi chini ya goti.

"Kinabana wapi, Mwalimu?"

"Hapa kisiginoni."

Glory akakipasha moto, akakipanua kidogo, akamvalisha tena.

Jumamosi Skolastika alikivaa ndani ya raba, akaenda uwanjani, akamwomba mwamuzi mwenzake filimbi. "Leo nachezesha mimi."

Mpira uliporushwa alikimbia pembeni mwa uwanja akiufuata, unyayo ukikanyaga sawasawa. Wachezaji waliacha mpira wakampigia makofi.

"Chezeni," akawaambia, huku akicheka.