Kefa Dereva na Njia ya Emau

"Mtu hata Mariakani hajavuka, na nyinyi mwamsikiliza kama kwamba yeye ndiye aliyempasulia Musa bahari! Mimi vumbi la barabara nimelila nikalimaliza, na hakuna anayenipa hata kigoda nikae!"

Huyo ni Kefa, amfokea mkewe Mercyline uani, Jumapili mchana kweupe. Mlango wangu waelekeana na wao hapa Chaani. Sikuwa nikisikiliza, ni masikio tu hayana kifuniko. Mercyline wala hakuinua kichwa. Alikuwa apanga viti, maana ile jumuiya yao ya kanisa, waumini majirani wanaosali nyumba kwa nyumba, siku hiyo ilikuwa zamu yake kuikaribisha. Na huyo Kyalo aliyekuwa akisemwa alikuwa njiani yuaja.

Kefa ni mtu wa bara, mwema, mkimya. Aliendesha treila kutoka bandarini mpaka Malaba, miaka na miaka, hadi mgongo ukamkatalia. Barabara aijua kama mimi niijuavyo njia ya msalani. Ila kusimulia, hapana. Alikuwa akirudi safari mkewe amuuliza ilikuwaje, yeye ajibu "salama", ala ugali, alala. Mercyline aliolewa na barabara nzima ya kwenda Uganda na hakuwahi kuonyeshwa hata kona moja.

Kyalo naye kijana wa maneno. Kazi yake ni kutafsiri sinema kwenye banda moja la video kule Magongo: picha yasema Kizungu, yeye ashika maikrofoni aipigia Kiswahili juu yake. Zinazopendwa ni zile za safari, watu wawili na gari bovu, nyuma polisi, mbele jangwa. Kyalo huzitia Biblia bila kupima. Kijana akitoroka na gari la babake, huyo ni mwana mpotevu. Gari likizima jangwani wenyewe wakaanza kulaumiana, basi ni wana wa Israeli hao, wamekumbuka vitunguu vya Misri. Watu huja kumsikia yeye, picha baadaye. Jumuiya ikamnyakua: somo likisomwa, Kyalo ndiye wa kulieleza. Na chai ya Mercyline humfikia katika kikombe cha kauri chenye maua. Kefa hupewa cha plastiki. Kefa ameliona hilo, nami nimemwona akiliona.

"Simwonei gere," aliwahi kuniambia, bila ya mimi kumuuliza. "Ila uongo kwenye mambo ya Mungu siupendi." Nikamwitikia tu. Mtu akikukatalia ugonjwa ambao hukumtajia, mwache, ataugua mwenyewe.

Basi wakaja, wakaimba, somo likasomwa, nami nimekaa kizingitini pangu na kahawa yangu. Lilikuwa lile la wanafunzi wawili waliokuwa wakienda Emau, huzuni imewajaa, Yesu akajiunga nao njiani wasimtambue. Kyalo akainuka. Akaleta jua, akaleta vumbi, akawagombanisha wale wawili ni nani aliyesahau maji nyumbani. Mercyline alicheka mpaka akajipangusa machozi kwa ncha ya leso.

Hapo Kefa akakatiza. Akasema barabarani mambo hayako hivyo, mtu usiyemjua hashikamani nawe njiani ukamkubali, dereva yeyote mwenye akili atawaambia. Wote wakamgeukia. Kyalo hakuwa na kejeli hata kidogo.

"Mzee, mimi nimesafiri kwa maikrofoni tu," akasema. "Tusimulie wewe."

Kefa akaanza, maskini. Akawapitisha kwenye mizani, akawaweka foleni, akawapigia pancha, akawauguzisha utingo aliyeendeshwa na tumbo Voi. Mama mmoja akapiga mwayo. Mwengine akafungua simu. Hayo yote angeyastahimili, lakini alimwona Mercyline amtazama Kyalo, kama mtu aliyejikinga barazani akingoja mvua ipungue aondoke.

"Kuna mama nilimbeba Mtito Andei," Kefa akasema.

Wallahi sijui sauti ile alikuwa ameificha wapi. Akasema basi lilikuwa limemwacha mama huyo, mvua yanyesha, naye amejifunika sufuria mpya kichwani kama kofia. Kampuni ilikuwa imekataza abiria. Akamfungulia mlango. Mama akaingia yuacheka, maji yamtiririka, na kabla ya kufika Sultan Hamud alikuwa ashaanza kuimba nyimbo za kanisa. Akamfunza Kefa sauti ya pili. Kefa! Ambaye sisi uani twamjua kwa kukohoa. Wakaimba Nairobi ikapita, wakaimba Naivasha ikapita. Simu zote zilikuwa zimerudi mifukoni. Kahawa yangu ilipoa nikiishika.

"Tukaingia hotelini Salgaa," akasema. "Chapati ilikuwa imebaki moja. Akaikata vipande viwili, kile kikubwa akanipa mimi."

Wanajumuiya wakaguna amina, maana hata wale wa Emau walimtambua Bwana alipoumega mkate. Kyalo akajipiga kofi gotini, akaapa kwamba banda lake halijawahi kuonyesha sinema kama hiyo. Kefa akajaa kifua. Leo amempiku. Akamgeukia mkewe aone kama amesikia.

Mercyline alikuwa amesikia.

"Baba Griffin," akamwambia mumewe polepole, "mimi nilikuwa nikikuuliza safari, waniambia salama. Kumbe waimba."

Kyalo akajaribu kuokoa jahazi: akakumbusha kwamba kwenye Injili, mkate ulipomegwa tu, yule mgeni alitoweka mbele ya macho yao. Pengine na huyu mama, akasema, mambo yalikuwa kama hayo.

"Yule wa Injili alitoweka," Mercyline akasema, na hakumwondolea mumewe macho. "Huyu wako, Baba Griffin, aliteremka wapi?"

Kefa akapapasa kandambili kwa mguu, moja akaipata, ya pili ikabidi jirani ainue kiti. Akasema kitu kuhusu koo kukauka. Halafu akainama akapita mlango wa ua, akashika njia ya kwenda barabara kuu, amejishika kiuno, wala hakugeuka nyuma.