Albamu ya Maikrofoni Moja

Bendi yetu ilipiga roki katika mji uliotaka rumba, kwa hiyo hakuna aliyetugombania. Hatukuwa na patroni wa kutufadhili wala mtu wa kutununulia nyuzi za gitaa. Tulikuwa wanne: mpiga ngoma, mpiga besi, mimi wa gitaa, na mwimbaji wetu, binti wa mama mmoja aliyeuza ndagala, wale samaki wadogo wakavu, sokoni Kalemie. Enzi hizo za Zaire, waliotaka albamu walikwenda kuihangaikia Kinshasa. Sisi tulisema tutaitengeneza hapa hapa.

Kilichotuharakisha ni kwamba mwimbaji alikuwa amepata kazi ya ualimu Kongolo. Treni yake ilikuwa Jumatatu.

"Nataka mama abaki na sauti yangu," alituambia. Hatukuwa na sababu nyingine.

Jumamosi tuliazima darasa, tukatundika mablanketi madirishani, tukaweka mezani redio ya kaseti na maikrofoni moja. Maikrofoni ikiwa moja, aliye karibu ndiye anayesikika. Mwimbaji akachora mistari ya chaki sakafuni. Wake ulikuwa hatua moja kutoka mezani. Wangu, mimi na spika yangu, hatua nne. Ngoma tuliisukuma hadi mlangoni. Tukajaribu wimbo mmoja, tukausikiliza. Sauti yake ilikuwa wazi kabisa, na gitaa langu lilimfuata nyuma kwa adabu. Wenzangu wakashangilia. Mimi nilinuna. Miaka mitatu nimejifunza gitaa hadi vidole vikaota sugu, halafu nisikike kama jirani anayepiga upande wa pili wa ukuta!

Tukarudisha kaseti mwanzo, tukaanza kurekodi kweli. Mwimbaji alikuwa na kawaida ya kuimba amefumba macho. Nikaisukuma spika kwa mguu, nikavuka chaki. Kabla ubeti wa kwanza haujaisha nilikuwa sambamba naye. Wenzangu wakaendelea kupiga, nami nikajipongeza moyoni. Tulipomaliza, hakupata nafasi ya kusikiliza. Alikuwa na mizigo ya kufunga.

"Umupelekee mama nikishaenda," akaniambia, akanipa kaseti.

Jumatatu, treni ilipokwisha kuondoka, nikabeba redio hadi kwao. Mama alinawa mikono, akafunga kitenge safi, akakaa wima kama yuko misani. Nikabonyeza. Gitaa langu likajaa nyumba nzima. Nilimtafuta mwimbaji nisimpate. Niliona aibu ambayo hata leo sijui niiweke wapi.

Mama alisubiri kwa heshima hadi wimbo wa pili.

"Papa," akaniita, kama mtu aitavyo baba, "yeye ataimba saa ngapi?"

"Iko naimba, mama."

Akainama hadi sikio likagusa redio. Akabaki hivyo muda mrefu, amefumba macho.

"Aa. Njo yeye huyu, kule nyuma?"

"Njo yeye, mama," nikakiri kwamba ndiye.

Kaseti ilipofika mwisho akainua kichwa, akanitazama kwa upole.

"Unapiga muzuri sana, papa," akasema.