Baraza la Haluma

Asubuhi ya mwisho ya kawaida, Haluma alimnyima mumewe mkate.

Hakumnyima kwa hasira. Alitoa mikate miwili kwenye tanuri ya udongo uani, akaipaka mafuta ya zeituni, akaifunga kwa kitambaa. Tijani aliponyoosha mkono, mkono ukapigwa.

"Hii ya safari."

"Safari gani? Tunakwenda hapo juu tu. Hata punda hufika bila kupumzika."

"Punda hakuzaliwa kwenye baraza la wakuu. Mimi nikisafiri, nasafiri na chakula changu."

Tijani akanywa chai kavu. Angejua kwamba baada ya asubuhi ile zingekuja za hospitali, na baada ya za hospitali ingekuja ya nyumba kujaa watu wanaonong'ona, angenyoosha mkono upigwe tena.

Safari yenyewe ilikuwa zawadi ya binti yao, Nejiba, aliyeolewa Tunis. Alikuwa amewatafutia mtu wa kuwatembeza magofu ya Warumi kutwa nzima, wao wawili peke yao, na gari la kuwachukua mlangoni. Kijiji kilicheka. Magofu ya Dugga yako kilimani, na kijiji kiko chini yake. Tena Haluma alizaliwa mle mle magofuni, zama zile watu walipokuwa bado wakiishi katikati ya mawe na mbuzi wao. Alipokuwa msichana, serikali ikawahamishia wote chini. Tangu hapo hakupanda tena. Kwanza palikuwa na watoto, kisha mizeituni, kisha magoti. Sasa magoti yalikuwa karibu kumkatalia kabisa, na kabla hayajafanya hivyo alitaka jambo moja: kuketi tena kwenye baraza la bibi yake.

Baraza hilo Tijani alilijua kuliko alivyolijua jina la babu yake, kwa jinsi alivyosimangwa nalo. Ni benchi la mawe lililopinda kama kiatu cha farasi, lenye mashimo ya duara yaliyojipanga vizuri. Ukoo wa Haluma ulikuwa umeezeka paa juu yake, na bibi akasimamisha mitungi ya mafuta kwenye yale mashimo. Kwa maneno ya Haluma, zamani wakuu wa mji walikuwa wakiketi hapo kushauriana.

"Na mashimo?" Tijani alimuuliza mwaka waliooana.

"Ya mitungi yao. Mkuu gani atashauri na koo kavu?"

Hata baba yake Haluma, posa ilipopelekwa, alisema kwanza kwamba binti aliyezaliwa juu ya baraza la wakuu haolewi na mbeba udongo. Ilibidi wazee waje mara mbili.

Sasa huyo mbeba udongo alikuwa na siri. Udongo aliokuwa akiubeba ni wa magofu hayo hayo, kwa waliokuwa wakiyachimbua. Siku moja, kabla ya posa, msimamizi wao alimwonyesha lile benchi, akamwambia lilikuwa la kazi gani, kisha akacheka mpaka akaketi chini. Warumi hawakushauriana hapo. Walikwenda haja. Shimo moja, mtu mmoja.

Siri ya mtungi muulize kata, na kata ilikuwa Tijani. Hakumwambia mtu. Waligombana juu ya paa lililovuja, juu ya mbuzi aliyeuzwa, juu ya mama mkwe, na kila ugomvi Haluma aliufunga kwa baraza la wakuu. Neno lilimfika Tijani ncha ya ulimi, akalimeza. Ujanani alilimeza kwa kuogopa kuachwa. Uzeeni alilimeza kwa sababu nyingine. Mtu ana kiti kimoja tu cha kujivunia duniani, utakivuta vipi chini yake?

Na leo binti yao, kwa mapenzi yake, amemletea mgeni mwenye kazi ya kusema kila jiwe lilikuwa la nini.

Mgeni huyo aliitwa Lotfi, mtu wa Tunis, mwenye kofia pana na sauti ya kuwafikia hata waliolala. Getini mlinzi Mokhtar, kijana wa kijijini kwao, alimtazama Haluma akishuka garini.

"Mama Haluma, leo unaonyeshwa kwenu?"

"Binti yangu anadhani nimepotea. Fungua."

Wakafika kwenye hekalu lenye nguzo ndefu. Lotfi akainua mkono. "Hapa, mama, walimtolea sadaka mungu wao mkuu."

"Hapa shangazi yangu alifunga punda," Haluma akasema. "Nguzo ya pili. Ya kwanza ilikuwa na upepo, punda hakuipenda."

Lotfi akaitazama nguzo ya pili. Haluma akaketi kupumzisha magoti, na hapo Tijani akamvuta mgeni pembeni.

"Mwanangu. Kule kwenye mashimo, usiseme."

"Nisiseme nini, ami?"

"Kazi yake. Mke wangu amezaliwa pale. Anajua ni baraza."

"Na akiniuliza?"

"Wewe umesoma. Tafuta neno."

Wakateremka polepole, Haluma ameshika bega la mumewe. Alipoliona benchi aliliacha bega hilo. Akalifuta kwa ncha ya shela, akaketi katikati kabisa, kati ya shimo na shimo, akafungua mkate mapajani. Kisha akamgeukia mgeni kama hakimu.

"Haya, mwanangu. Tuambie. Hapa palikuwa pa nini?"

Lotfi akavua kofia. Jasho lilikuwa linamtoka. Alitafuta neno, akalipata, na kwa adabu zake zote akasema:

"Hapa, mama, palikuwa nyumba ya raha."

Maskini, aliruka majivu akakanyaga moto. Maana kwa watu wa Tunis nyumba ya raha ndiyo jina la heshima la choo. Ndilo mgeni analonong'ona sikioni mwa mwenyeji wake.

Tijani, ambaye kwa kawaida maneno yake ya siku nzima yangeenea kwenye kiganja, akajitupa kati.

"Raha, ndiyo. Wamechoka kushauri. Wanakuja hapa wanapumzika. Kuna upepo."

Haluma alitafuna mkate. "Wote kwa pamoja?"

"Kwa pamoja."

"Bega kwa bega hivi?"

"Walikuwa wanapendana."

"Waliongea sana, mama," Lotfi akaongeza. "Habari za mji, biashara, harusi..."

"Na huu mfereji mbele ya miguu?"

"Wa kunawa," alisema Tijani.

"Kabla au baada?"

Tijani akamtazama Lotfi. Lotfi akaitazama kofia yake.

"Ya nini?" Tijani akauliza.

"Ya kushauri."

"Baada," Tijani akasema. "Watu wasafi wale."

Haluma akainamisha kichwa. Mabega yake yakaanza kutikisika. Tijani akadhani ndiyo basi, amemvunja, baada ya kumeza miaka yote ile. Lotfi naye akadhani hivyo hivyo, kwani alikwenda kuitazama kwa makini nguzo ambayo bila shaka alikuwa ameiona mara nyingi kuliko uso wa mamake.

Haluma akamega mkate, kipande kikubwa chenye mafuta, akampa mumewe.

"Kula. Ulikuwa unaudai tangu asubuhi."

Tijani akaketi shimo la pili, akala. Walikaa hivyo mpaka kivuli cha ukuta kikawafikia magotini. Chini mizeituni ilikuwa imetulia, na kutoka kijijini jogoo wa mtu alikuwa akiwika saa isiyo yake.

Siku hizi Tijani hupanda peke yake. Mokhtar humfungulia bila kumuuliza. Huketi shimo lile lile la pili, huacha pale katikati alipoketi mkewe, na watalii wakifika na kucheka na kupigana picha, huwasogelea na kuwaambia kwa upole kwamba hapa ni baraza.

Sura ya mkewe wakati mwingine humkimbia. Maneno yake ya siku ile hayajamkimbia hata moja. Alikuwa amekwisha kufuta machozi ya kicheko kwa kitambaa cha mkate, amepakaza mafuta shavuni, akasema:

"Tijani, bibi aliniambia hiki ni choo kabla sijang'oka meno ya utoto. Nimekutukana nacho maisha yetu yote, nangoja siku utakayokasirika hata uniambie. Sasa naona nitakufa sijaambiwa."