Mahamri ya Changamwe Yapanda Mlima wa Wundanyi

Vita vikuu vya pili vilipokwisha, kodi za nyumba Changamwe zilipanda hata mahamri yangu yakawa hayatoshi kuilipa yetu. Mume wangu Salimu alikuwa ameshaacha kupakua meli kwa sababu ya kifua, na nyumba nzima ikitazama karai langu. Mama Wakesho, Mtaita aliyekuwa jirani yetu kabla ya kurudi kwao Wundanyi, akatuletea salamu kwamba huko mlimani nyumba ni rahisi na hewa ni safi. Nikasema sihami mpaka nione kama mahamri yangu yatakwenda huko. Ndipo tukamwacha binti yetu Fatuma kwa jirani, tukafunga safari ya kujaribu.

Changamwe tulipanda gari la moshi, mimi na gunia langu la unga na nazi, Salimu na blanketi letu moja. Baada ya Mazeras minazi iliisha, ikafuata nyika ya Taru, vumbi na miiba mpaka macho yakachoka. Salimu alikohoa njia nzima mpaka Voi.

Voi tulilala kwa jamaa yake, na asubuhi tukapata lori lililopeleka chumvi Wundanyi na kurudi na mboga. Kutoka Mwatate njia ilipanda kwa kuzunguka. Kila kona nilifumba macho, na nikiyafumbua naona mashamba yamekatwa ngazi ngazi, mifereji ya maji ikipita juu yake, na migomba imesimama mahali ambapo mimi hata kusimama ningeogopa. Niliwastahi watu wale kabla sijawaona.

Wundanyi Mama Wakesho alitungoja njiani.

"Baba Fatuma, mbona umekonda hivi?"

"Kifua, shemeji. Lakini wallahi tangu Mwatate sijakohoa."

Nyumba aliyotuonyesha ilikuwa ya vyumba viwili, na kodi yake haikufika nusu ya yetu. Niliipenda mno, ila nilitaka kwanza kuyajaribu mahamri.

Jioni hiyo, kwa Mama Wakesho, nikakanda unga wangu kwa tui, iliki na hamira, nikaufunika kitambaa na kuuacha mezani, kama nifanyavyo siku zote. Kwetu, ikiadhiniwa alfajiri, unga umeshakisukuma kitambaa juu. Hapa nilipofunua niliukuta vile vile nilivyouacha. Nikaukaanga kwa ubishi tu. Yakatoka magumu, Salimu akala moja kwa heshima yangu.

"Basi bwana, twende zetu," nikamwambia.

Salimu alijitanda blanketi letu mabegani. Aligeuka akautazama mlima, na moyo ukaniuma, maana nilijua ninamrudisha kwenye vumbi la bandari kwa ajili ya beseni la unga.

Mama Wakesho akacheka. "Mama Fatuma, unga wako umeona baridi. Sisi hapa hata vifaranga tunawalaza jikoni. Kesho ni gulio, ukande tena."

Jioni tukaliweka beseni kando ya mafiga yenye makaa, akataka kitu kizito cha kulifunika. Salimu akalivua blanketi mabegani bila kuambiwa.

"Chukua. Mimi koti lanitosha," akasema. "Huo ukiumuka, inshallah nami nimepona."

Basi unga ukalala na blanketi, mume wangu akalala na koti.

Asubuhi beseni lilikuwa limejaa pomoni. Gulioni akina mama walioleta kabichi na viazi waliyashika mahamri yangu, wakayabonyeza, wakanunua, wakarudi tena na wenzao. Dereva wa lori alikuta sinia tupu, akaninunia.

Sasa tumerudi Changamwe kufunga virago. Mashoga zangu wananiuliza nimejifunza nini huko, nami nawaambia kweli. Miaka yote nilijisifu kwamba nina mkono wa mahamri, kumbe joto la Changamwe lilikuwa likikesha likinifanyia kazi, wala sikupata hata kulishukuru. Leo nimelishukuru. Naliacha hapa hapa lilale, nikaamke mwenyewe mlimani alfajiri kuchochea makaa, na Salimu alale usingizi wake bila kukohoa.