Panya Aliyepanda Sukari

Juzi nimeumbuka maabara, hapa Moshi. Tulichunguza panya ambao mama zao, wakiwa na mimba, waliwekwa kwenye hewa haba kama ya kileleni Kibo. Tulitaka kujua kama wakipewa nusukaputi sukari yao itapanda.

Wa kwanza alipolala, nikamtoboa mkia, nikaminya damu bila glovu, nikaipima. Sukari ikapaa! Nikamkimbilia Dokta, msimamizi wetu, aliyekuwa na wageni.

"Dokta, tumegundua jambo!"

Wakaja wote. Dokta akanawa, akampima panya mwenyewe. Sukari ilikuwa ya kawaida kabisa. Akaunusa mkono wangu.

"Kijana, chai umenywea nini?"

"Mkate na asali, Dokta. Ya shangazi, kutoka Kilema."

Akawageukia wageni. "Mwenye kisukari hapa ni hiki kidole gumba."