Waitara Fundi Majeneza na Mbio za Siku Tano

Kwa miaka kumi na tisa Waitara alitengeneza majeneza pale Bomani, mjini Tarime, na hakuna mteja aliyewahi kuyarudisha. Alipenda kuwaambia wafiwa hivyo, kisha kucheka peke yake.

Mwaka huu biashara ilidorora. Watu walikufa kama kawaida, ila walizikwa kwenye majeneza ya Nikolaus, ng'ambo ya barabara. Waitara aliongeza nakshi, akapaka rangi ya dhahabu kuwavuta watu wa Nyamongo, kwenye machimbo ya dhahabu. Wapi! Akamwita mpwa wake Nora, aliyefanya kazi Mwanza kwenye kampuni ya kuwasaidia wafanyabiashara.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nasikia mna kitu mnaita mbio za ubunifu. Nataka."

Nora akaeleza. Watu sita wanaacha kazi zote siku tano. Jumatatu wanalichambua tatizo, kisha wanachora mawazo na kuchagua moja. Alhamisi wanatengeneza mfano, Ijumaa wateja wanaujaribu.

Bhoke, mke wa Waitara, aliacha kupiga msasa. "Wanaujaribu? Wanaingia humo wazima?"

"Subiri, shangazi, sijakubali. Hizi mbio ni za tatizo kubwa ambalo jibu lake hakuna anayelijua. Kama jibu linapatikana kwa kuuliza tu, mtafunga duka bure. Mmewauliza waliohamia kwa Nikolaus?"

Waitara alikuna kidevu. Alikuwa amewazia mbao, rangi na hata uchawi. Kuuliza, hapana.

Kesho yake Nora alikwenda kwa Winfrida, muuza vitenge aliyekuwa amefiwa na baba mkwe na kununua jeneza kwa Nikolaus.

"Kazi ya mjomba wako nzuri," Winfrida alisema. "Lakini mwaka juzi tulipomzika mama, tumelia mpaka sauti zimekauka, yeye anatushika mikono: 'Asanteni, karibuni tena!' Tena lini, dada yangu? Na nani?"

Wengine watatu walisema hayohayo. Mmoja alikuwa ameahidiwa punguzo akichukua la pili.

Waitara aliposikia, masikio yalimwaka moto. Miaka yote alidhani huo ni ukarimu.

"Sasa niseme nini?"

"Sema pole, halafu nyamaza," Bhoke alijibu. "Nilikwambia zamani."

"Sikukusikia."

"Ulikuwa unaongea."

Mbio zikafutwa. Kunyamaza kulimtesa, ilibidi abane misumari midomoni kila wafiwa walipoingia. Lakini kabla masika hayajaisha, watu walianza kuvuka barabara kurudi kwake.

Kisha likaja tatizo la kijiji cha Ringwani. Jeneza lake moja lilisafirishwa huko kwa pikapu, barabara mbovu ikalirusharusha hadi mfuniko ukafunguka njiani. Waitara aliwauliza mafundi wote aliowajua, Nikolaus akiwemo. Hakuna aliyekuwa na dawa.

"Hilo sasa ndilo la mbio," Nora alisema kwenye simu, akapanda basi.

Walifunga duka. Wakachora, wakabishana, Bhoke akatupa michoro mitatu ya mumewe, na hatimaye wakachagua komeo la mbao ngumu lenye mipira ya tairi kuukuu. Ijumaa hakupatikana mtu wa kulala ndani, hata kwa ahadi ya nyama choma. Wakamimina humo gunia la mahindi, wakashika barabara ya Ringwani.

Pikapu ilipoingia Ringwani, wanawake waliokuwa shambani waliliona jeneza wakaangua kilio, bila hata kujua aliyekufa. Waitara akaruka chini, akafungua komeo haraka awaonyeshe kuwa ni mahindi tu. Hakuna punje iliyomwagika.